Priampu ya tyubu ya bei nafuu: itainenepesha sauti ya studio ya nyumbani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina studio ndogo katika chumba changu cha kulala hapa Morogoro, ambako ninarekodi waimbaji wa kwaya mmoja mmoja pamoja na matangazo ya biashara. Natumia maikrofoni ya kondensa ya Audio-Technica AT2020 na kadi ya sauti (kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta) ya Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu. Sauti za waimbaji wangu hutoka nyembamba, kana kwamba mtu anaimba ndani ya debe, wakati nyimbo ninazozisikia redioni zina sauti iliyoshiba. Rafiki yangu aliye katika kazi hii ameniambia nitafute priampu ndogo ya tyubu (kifaa cha kukuza sauti ya maikrofoni kinachotumia vali ya kioo ya kizamani), ya bei nafuu, kwa kuwa tyubu ndiyo inayoipa sauti unene. Nikiinunua, tatizo litakwisha?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa vifaa ulivyovitaja, halitakwisha, na huenda ukajiongezea tatizo la pili la kelele ambalo kwa sasa huna.

Sauti ya debe unayoieleza kwa kawaida hutoka kwenye chumba. Sauti ya mwimbaji hufika kwenye maikrofoni kwa njia nyingi kwa wakati mmoja: moja kwa moja kutoka kinywani, kisha tena baada ya kugonga meza, ukuta, sakafu na dari. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ile iliyogonga meza ikasafiri sentimita 34 zaidi huchelewa kwa milisekunde moja tu. Sikio halitaitambua kama mwangwi, lakini sauti hizo mbili zikikutana kwenye maikrofoni hupunguzana nguvu karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 500, 1,500, 2,500 na kuendelea, yaani katika eneo lile lile ambamo maneno ya mwimbaji hupata mwili wake. Chumba cha matofali ya saruji, chenye sakafu ya vigae na madirisha ya vioo, kinarudisha sauti za namna hiyo kutoka pande zote, na kila moja ina ucheleweshaji wake. Priampu yoyote, hata ya maelfu ya dola, hupokea sauti ambayo tayari imekwisha kuharibiwa hivyo na kuikuza kama ilivyo.

Sasa tuangalie priampu yenyewe inafanya nini. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, na priampu huupandisha hadi kiwango ambacho kompyuta inaweza kukitumia. AT2020 yako hutoa takriban milivolti 14 inapopokea mgandamizo wa sauti wa desibeli 94, kiwango ambacho mwimbaji wa kwaya aliye karibu na maikrofoni hukifikia bila kujitutumua. Kutoka milivolti 14 hadi volti moja ni ukuzaji wa desibeli 37 hivi, nayo kadi yako ina uwezo wa desibeli 56. Huna upungufu wa nguvu. Kelele za priampu ya kadi hiyo nazo, kwa vipimo vya watengenezaji wake, ni takriban dBu -128 (dBu ni kipimo cha kiwango cha umeme wa sauti; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo kelele zinavyopungua), wakati kikomo ambacho sheria za fizikia zenyewe zinaweka kwa maikrofoni ya kawaida ya omu 150 ni karibu na dBu -131. Nafasi iliyobaki ya kuboresha ni desibeli tatu tu, nazo hutazisikia, kwa sababu maikrofoni yako ina kelele zake za ndani zinazolingana na desibeli 20, na chumba cha kulala kilicho mjini, hata usiku wa manane, mara nyingi huwa na desibeli 30 au zaidi. Feni ya jirani inaizidi kadi yako kwa kelele mara nyingi.

Inabaki hoja ya unene, ambayo rafiki yako hakuizua hewani. Tyubu inayotumika katika karibu vifaa vyote hivi ni ile inayoitwa 12AX7 Marekani na ECC83 Ulaya. Ndani yake mna triodi mbili, yaani vikuzaji viwili vidogo, na kila moja ina kathodi inayopashwa moto ili itoe elektroni, gridi inayoudhibiti mkondo wake na anodi inayoupokea. Ikiwa imejengewa sakiti ya kawaida, anodi hupewa volti kati ya 100 na 300, na hapo tyubu hufanya kazi ya ukuzaji kwa nafasi kubwa kabla ya kuanza kupotosha sauti. Inapoanza kusukumwa, huongeza haromoniki, hasa ile ya pili: noti ya hezi 200 huongezewa kivuli cha hezi 400, ambacho ni noti ile ile oktavu moja juu, na vilele vya ghafla vya sauti hulainishwa kidogo. Watu wengi huupenda upotoshaji huo, nami ni mmoja wao.

Priampu ya kiasi cha dola 100 za Marekani au pungufu, hata hivyo, mara nyingi huendeshwa na adapta ndogo ya ukutani ya volti 9 au 12. Transfoma kubwa ya kutengeneza volti 250 haimo. Kwa hiyo katika nyingi ya priampu hizi anodi hupewa makumi machache tu ya volti, na sehemu kubwa ya ukuzaji hufanywa na chipu, za jamii ile ile iliyomo katika kadi yako ya sauti. Tyubu imewekwa njiani kama kiungo cha ladha. Kwa kuwa ina njaa ya volti, huanza kupotosha mapema, na upotoshaji wake huwa mkwaruzo zaidi kuliko ule wa sakiti iliyoshiba umeme. Baadhi ya watengenezaji huweka hata taa ndogo ya rangi ya chungwa nyuma ya tyubu ili mnunuzi aione inawaka vizuri dirishani. Si zote zilizo hivyo, kwani wapo wanaoingiza sakiti ya kupandisha volti ndani ya kisanduku, na hao huitangaza waziwazi kwa kuwa ni sifa ya kuuzia. Ikiwa maelezo ya kifaa hayataji volti za anodi mahali popote, chukulia kuwa ni ndogo.

Rekodi za zamani ambazo watu huzitolea mfano zilitengenezwa kwa mazingira mengine kabisa. Katika studio za EMI za Abbey Road, London, meza za kuchanganyia sauti za REDD.37 zilitumia priampu za tyubu za V72S kutoka Ujerumani, na kila moja ilikuwa na transfoma ya chuma mahali sauti inapoingia na nyingine inapotokea. Transfoma hizo zina mchango mkubwa katika sauti inayosifiwa, nazo ndizo kitu cha kwanza kuachwa mtengenezaji anapobana gharama. Mbele ya priampu zile palikuwa na maikrofoni kama Neumann U47, iliyotoka mwaka 1949, nyuma yake palikuwa na mashine za kanda, na pande zote palikuwa na vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya muziki. Mafundi wa wakati ule walitumia tyubu kwa sababu ndizo zilizokuwepo: transista, kifaa kidogo kilichokuja kuchukua nafasi ya tyubu, ilivumbuliwa katika maabara za Bell mwaka 1947, na ilichukua miaka mingi kabla haijatulia katika vifaa vya sauti. Walijitahidi kupata sauti safi kadiri walivyoweza, na wangetushangaa tunaotafuta uchafu wake kwa pesa.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Pesa uliyoitenga iweke kwenye chumba, na kabla ya kuitumia fanya jaribio lisilogharimu kitu. Fungua kabati la nguo lililojaa, simamisha maikrofoni mbele yake, mwimbaji akae mgongo kabatini, umbali wa shibiri moja kutoka kinywani hadi kwenye maikrofoni, kisha rekodi ubeti ule ule uliorekodi mahali pa kawaida. Ukisikia sauti imenenepa, umeshapata mwizi wako. Baada ya hapo tafuta magodoro mawili ya sponji ya inchi nne au zaidi na uyasimamishe nyuma na pembeni mwa mwimbaji, kila moja likiachiwa nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, kwa sababu nafasi hiyo ya hewa husaidia kufyonza sauti za chini zaidi. Chagua sponji inayopitisha pumzi ukiipulizia. Ile iliyofungamana kabisa hurudisha sauti badala ya kuimeza. Khanga na mapazia mepesi hufyonza sauti za juu tu na kuacha zile za katikati ziendelee kugongana, na chumba kilichofunikwa kwa vitambaa vyepesi pekee hutoa sauti iliyofifia na yenye debe vilevile. Ondoa meza mbele ya mwimbaji au itandikie blanketi zito. Maikrofoni yako husikia mbele na kuziba nyuma, kwa hiyo mgongo wake uelekee dirisha au upande wenye kelele.

Umbali nao ni priampu isiyouzwa. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya kinywa na maikrofoni, sauti ya moja kwa moja hupanda kwa takriban desibeli 6 huku ile ya chumba ikibaki palepale, na maikrofoni za aina yako huongeza sauti za chini kadiri mwimbaji anavyosogea. Huo ndio unene wa kwanza wa kuutafuta. Weka kichujio cha pumzi mbele yake ili herufi za “p” na “b” zisilipuke.

Ukishamaliza hayo na bado ukatamani ladha ya tyubu, jaribu kwanza programu ya kuiga upotoshaji huo. Programu nyingi za kurekodia huja nayo, na nyingine hupatikana bure. Faida yake ni kwamba unaweza kuipunguza au kuiondoa kesho, wakati upotoshaji ulioingia kupitia priampu siku ya kurekodi hauondoki tena. Na siku utakapopata nafasi ya kuazima priampu ya tyubu, ilinganishe kwa haki: rekodi mbili zisawazishwe kiwango hadi tofauti iwe chini ya nusu desibeli, kisha mtu mwingine azicheze bila kukuambia ipi ni ipi. Sikio huipendelea rekodi yenye sauti kubwa zaidi hata tofauti ikiwa ndogo, na sifa nyingi za vifaa hivi zimezaliwa hapo.

SWALI: Mimi tayari nimeinunua priampu ya tyubu, niliagiziwa na ndugu yangu aliyeko Marekani. Nimeiunganisha na kadi ya sauti kwa waya wa pini tatu pande zote mbili, lakini sauti inakwaruza na ina mvumo usiokoma. Nimeambiwa tyubu imekufa. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole. Tyubu inaweza kuwa nzima kabisa, ila waya uliouchagua unaipitisha sauti katika priampu mbili mfululizo. Tundu la pini tatu kwenye kadi nyingi huenda moja kwa moja kwenye priampu ya kadi, ambayo inatarajia milivolti chache, nawe unaipelekea sauti iliyokwisha kukuzwa. Tumia waya wa jeki ya robo inchi, ile yenye pete mbili nyeusi, kutoka sehemu ya kutolea sauti ya priampu hadi kwenye tundu la laini la kadi, yaani lile linalopokea sauti iliyokwisha kukuzwa, na kama kadi ina swichi ya kuchagua kati ya laini na gitaa, iweke kwenye laini. Geini (kiwango cha ukuzaji) ya kadi ianze chini kabisa, na ukuzaji ufanywe na priampu. Umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maikrofoni ya kondensa, kama yako ni ya aina hiyo, uwashwe kwenye priampu peke yake na kuzimwa kwenye kadi.

Kuhusu mvumo, kabla ya kuunganisha tena, soma maandishi yaliyo kwenye adapta, maana kifaa kilichonunuliwa Marekani huenda kikawa na adapta ya volti 120, hezi 60, nayo ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240 itaungua, pengine pamoja na kifaa. Kwa kuwa yako bado inafanya kazi, huenda unatumia kishusha volti au umebadilishiwa adapta. Ikiwa umebadilishiwa, hapo ndipo pa kutazama: baadhi ya priampu hizi zinahitaji adapta inayotoa umeme wa mkondo geu (AC), wa volti 9 kwa mfano, na adapta za kawaida za madukani hutoa umeme wa mkondo mnyoofu (DC), ambao hauwezi kuendesha sakiti ya aina hiyo inavyopasa hata kama volti zinalingana na kichwa chake kinaingia vizuri. Adapta ikiwa sahihi na mvumo ukaendelea, isogeze mbali na waya wa maikrofoni, kisha chomeka priampu na kompyuta katika soketi moja ya ukutani.

SWALI: Nimesoma kwamba ukitoa tyubu ya Kichina iliyokuja na priampu ukaweka ya zamani ya Telefunken au Mullard, kifaa cha bei ndogo hugeuka kuwa cha kifahari. Nifanye hivyo?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Usifanye. Katika sakiti yenye volti ndogo, ambamo chipu ndiyo inayobeba mzigo, tofauti ya tyubu moja na nyingine ni ndogo mno, na tyubu halisi ya zamani ya majina hayo inaweza kukugharimu kuliko priampu yenyewe. Za bandia zilizochapwa nembo upya nazo ni nyingi. Tyubu mpya zinazotengenezwa leo Slovakia, Urusi na Uchina zinatosha, na tyubu ndogo ya aina hii hudumu maelfu ya saa. Sababu ya kuibadilisha ni moja: ikianza kuchakacha yenyewe, au ukiigonga kwa kalamu ikalia kwenye hedifoni kwa mlio mrefu.

SWALI: Mimi ni mpigaji wa udi, Unguja. Nina maikrofoni ya dainamiki ya Shure SM58 na kadi ya sauti yenye uwezo wa kukuza hadi desibeli 56. Nikirekodi udi, inanibidi nizungushe geini mpaka mwisho, na hapo nasikia mchakacho. Je, kwangu priampu ya tyubu itafaa?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kwako wewe swali lina uzito zaidi. SM58 hutoa takriban milivolti 1.85 pale ambapo ile kondensa ya msomaji wa Morogoro hutoa 14, yaani iko chini kwa desibeli 17 hivi, na udi unaopigwa kwa risha si chombo chenye kelele. Geini ya kadi imefika ukingoni kweli. Priampu ya nje itakupa desibeli unazozihitaji, na ile ya tyubu itakupa pamoja nazo kelele zake kidogo. Ya bei hiyo hiyo isiyo na tyubu kwa kawaida itakuwa safi zaidi.

Kabla ya zote mbili, fikiria kikuzaji kidogo cha kupachikwa katikati ya waya wa maikrofoni, cha jamii ya Cloudlifter au FetHead, ambacho hutumia umeme wa volti 48 wa kadi yako na kuongeza takriban desibeli 25 bila kugusa ladha ya sauti. Hicho ndicho ningekinunua kwa ajili ya udi. Usikitumie kwa maikrofoni ya kondensa, kwa kuwa hakiupitishi umeme huo hadi kwenye maikrofoni.

Mahali ambapo ningekubali priampu ya tyubu ya bei nafuu kwa moyo mkunjufu ni kwenye gitaa la besi la kundi lako, kama mnalo. Gitaa la besi huchomekwa kwa jeki moja kwa moja kwenye tundu la vyombo, halihitaji ukuzaji mkubwa, kwa hiyo kelele za kifaa hazijitokezi, na ule upotoshaji wa haromoniki ya pili huifanya besi isikike hata kwenye spika ndogo ya simu, ambayo haiwezi kabisa kutoa hezi 60 lakini hutoa vivuli vyake vilivyo juu. Hapo ukwaruzaji unaouharibu uimbaji huwa msaada.

Kwa udi wenyewe, sogeza maikrofoni hadi sentimita 20 au 30, uielekeze pale shingo inapokutana na tumbo la chombo badala ya kwenye tundu kubwa la katikati, ambako sauti za chini hufura na kuifunika milio ya risha. Keti mbali na kona ya chumba, na rekodi ukiwa umezima feni.